Mama Mvuke na Kisima cha Tatu

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Mvuke, alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa fundi wa injini na mshonaji. Mama alituambia alizaliwa kakunja uso, kama mtu aliyesahau kitu alikotoka.

Alianza shule ya msingi mwaka 1970, akaendelea na sekondari ya wasichana, kisha chuo kikuu, alikohitimu jiolojia mwaka 1987. Alikuwa na akili nyingi, na wasiwasi mwingi zaidi. Siku ya mtihani alifika kabla ya bawabu, na akitoka alilia kwamba amefeli. Hakufeli hata mmoja, lakini nani angemwambia akasikia! Sisi wadogo zake tulichoka kumbembeleza.

Mwaka 1988 aliajiriwa idara ya nishati, kutafuta joto la ardhini la kuzalishia umeme. Benki hazikutaka hata kusikia habari ya kuchimba shimo ambalo huenda likawa bure, kwa hiyo aliomba ruzuku ya serikali. Akakataliwa, akaomba tena, miaka ikapita, hadi ikatolewa ya visima vitatu. Cha kwanza kilikuwa baridi. Cha pili, kwa maneno yake mwenyewe, kilitoa mvuke wa kuchemshia chai. Cha tatu kilikamilika Aprili mwaka huu, na sharti la ruzuku ni kwamba kisipoonyesha mvuke kufikia tarehe 30 Juni, mradi unafungwa na wachimbaji wote wanarudi nyumbani.

Sasa, kisima kikishachimbwa huwa kimejaa maji baridi ya kuchimbia. Hufungwa, kikaachwa kipate joto chenyewe, na hakiharakishwi. Ofisa wa wizara hakuisha kupiga simu: "Mama, fungua basi, hata kidogo, wakubwa waone."

"Nikifungua leo mabomba yatapasuka, tutakuwa tumekiua wenyewe. Subiri."

Aliogopa, jamani, aliogopa sana. Lakini hakufungua.

Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1990 na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu. Wakiwa njiani kwenda ukumbini alimwamuru dereva ageuze, warudi kuangalia kama pasi imezimwa. Ilikuwa imezimwa, na wala si yeye aliyepiga pasi siku hiyo. Shemeji anasema hapo ndipo alipojua ameoa nani, na hajajuta.

Moyo ulianza kumsumbua mwezi Mei mwaka huu, akalazwa tarehe 2 Juni. Kila asubuhi alimpigia msimamizi wa wachimbaji kuulizia kisima, mpaka muuguzi akamnyang'anya simu: "Mama, hapa mgonjwa ni wewe." Alicheka, kisha akamshika shemeji mkono. "Na kisipotoa kitu, baba watoto?" Dada alifariki alfajiri ya tarehe 11 Juni.

Juzi ofisa yule alikuja kutupa pole. Kwa nia njema kabisa, akashauri kisima kifunguliwe leo, wakati wa mazishi, kwa heshima ya marehemu. Shemeji, ambaye miaka yote alimsihi mkewe aache wasiwasi, alisimama. "Amekilinda hadi moyo umemshinda. Hakifunguliwi mpaka siku aliyopanga yeye." Ndiyo maana wachimbaji wa zamu hawako nasi hapa, wanalinda vali inayofunga kisima. Siku aliyopanga ni tarehe 27. Hatujui kitatoa nini, na nyumbani kwetu usingizi umekuwa wa kuibia.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, mkwe, mjukuu mmoja, sisi wadogo zake wanne, na wachimbaji wake, aliowaita wanangu.

Dada, pumzika kwa amani. Wasiwasi tuachie sisi.