Kula ama Kura

Jumapili ile, watu walipotoka kanisani, hasira ilikuwa imeshatangulia kukaa benchini. Benchi lenyewe lilikuwa taruma la reli lililolazwa juu ya matofali nyuma ya holi ya Waafrika, pale Thika, na kando yake Kanini aliuza kahawa ya mbuni kutoka kwenye birika lililoingia masizi mpaka likasahau rangi yake. Ulikuwa mwaka wa pili wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya Wazungu. Watu watatu wakisimama pamoja barabarani, askari alitaka kujua wana shauri gani, lakini penye birika hata yeye alijua ni kahawa tu. Ukichungulia dirisha la holi uliiona meza ya biliadi, ile ambayo klabu ya Wazungu iliitupa baada ya mchwa kula mguu mmoja. Kitambaa chake cha kijani kilikuwa na kiraka cha blanketi, na mpira ukipita juu ya kiraka hicho ulikata kona bila kuombwa. Meza mbovu, tukisema ukweli. Lakini kati ya Thika na Ruiru haikuwepo nyingine, na tangu jana yake haikuwa na mwenyewe.

Aliyewaka kuliko wote ni Barasa. Walimwita Kapteni, kwa sababu ndiye aliyeongoza timu ya Thika, na pia kwa sababu hata akiomba sukari alitoa amri. Alikuwa mtu wa Kimilili, Mkavirondo kama walivyoitwa wote wa magharibi kule, kifua kipana, mikono myekundu kwa magome ya miwati ya kiwanda cha dawa ya ngozi alichofanyia kazi. Ligi ilikuwa na sheria kwamba timu itakayoshinda ndiyo itakayohifadhi meza katika holi yake mpaka mwaka ufuatao. Sasa Thika na Ruiru zimelingana. Zimeshinda sawa, zimeshindwa sawa, na kila mtu anasema meza ni yake.

Kwa Barasa haya hayakuwa mambo ya sifa. Yeye angeweza kwenda Ruiru jioni yoyote aliyotaka, nani angemuuliza? Ila wachezaji wake wazuri wote walikuwa Wakikuyu, na pasi zao zilipigwa muhuri wa Thika tu. Wa Ruiru waliandikiwa na mabwana zao ruhusa ya siku kuja kucheza, vijana wake hawakuwa na wa kuwaandikia. Meza ikienda Ruiru, wale vijana hawataigusa tena. Watatoka kazini, watalala, wataamka, watarudi kazini, basi. Timu yake itabaki yeye na fimbo yake. Hilo ndilo lililomfanya ashindwe hata kumeza kahawa.

— Mimi nasema mara ya mwisho, alisema. Mburu, mwamuzi wa ligi, alisimama hapo ndani siku ya mkutano, mbele ya watu wote, akasema: zikilingana, ni kula tu. Kula. Sisi tumekula mipira mingi kuliko nyinyi. Meza haitoki hapa.

Kula, kwa wachezaji wa meza ile, ni kuingiza mpira mfukoni. Hakuna aliyebisha kwamba Thika walikuwa wamekula zaidi. Aliyekataa sheria yenyewe ni Waweru wa Gitothua, upande wa Ruiru, ambaye walimwita Baiskeli, kwa kuwa hakuonekana bila hiyo baiskeli ya kubebea maziwa ya bwana wake mpaka stesheni ya Thika. Pasi yake ilimruhusu njia hiyo, na kwa hiyo ndiye aliyekuwa mdomo wa Ruiru nzima. Waweru alishikilia kwamba Mburu alisema timu zikilingana ni kupiga kura: karatasi mbili ndani ya kofia, mtoto anachomoa moja, mambo yamekwisha.

Sasa tatizo ni hili. Mburu mwenyewe alikuwa Mkikuyu wa Murera, na ulimi wake, kama wa wengi wa kwao, haukuwa na nafasi ya herufi l. Akila ugali alisema anakura. Akipiga kura pia alisema kura. Siku ya mkutano wa kuanzisha ligi alisimama, akasema sheria zote kutoka kichwani, maana alizijua kwa kuwasimamia Wazungu mezani miaka mingi, akipanga mipira na kupaka chaki fimbo zao. Alipofika hapo akasema neno lake moja, watu wakapiga makofi, wakaenda nyumbani. Wa Thika walikwenda na lao, wa Ruiru na lao, na hakuna aliyejua kwamba wamebeba mawili tofauti mpaka hiyo Jumamosi ya mwisho.

Waweru naye ulimi wake ulikuwa wa kule kule. Kila alipotaka kueleza alilazimika kutumia mikono: kuchota hewani na kupeleka kinywani ikiwa anakataa, kuzamisha mkono kwenye kofia ikiwa anakubali. Barasa alimwambia asimfanyie ububu hapa.

— Ububu ni wako, Waweru akamjibu. Wewe unasikia kwa tumbo. Ukiambiwa neno lolote unafikiri ni chakula.

Nzioka akakohoa. Huyu, mtu wa Machakos, walimwita Loya. Alikuwa amefagia korti kwa muda, na tangu hapo hakuna kesi iliyompita. Akasema, kwa ile sauti yake ya kuazima, kwamba katika sheria ya Uingereza, neno likiwa na maana mbili, jaji haangalii mdomo wa msemaji, anaangalia kitu kinachogombaniwa. Kwa hiyo meza yenyewe ndiyo ishuhudie. Uwekwe mpira katikati, uachwe bila kuguswa. Ukiteremkia upande wa reli, meza ni ya Thika. Ukiteremkia upande wa pili, ni ya Ruiru.

— Na mguu ulioliwa na mchwa uko upande gani? Waweru akauliza.

Ulikuwa upande wa reli. Waweru akatema mate chini, akasema hiyo sheria ya Uingereza imezaliwa Machakos jana asubuhi.

Muda huo wote Kanini alikuwa akipuliza makaa. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na wanaume wa benchi walimheshimu kwa sababu ndiye aliyeshika birika. Barasa aliponguruma tena lile neno, safari hii huku akipiga taruma kwa kiganja, Kanini aliinua kichwa.

— Baba, hiyo neno upunguze sauti, alisema. Homgadi amepita hapo sasa hivi na bunduki yake ya serikali.

— Neno gani?

— Hiyo ya kula. Unajua wakishika Mkikuyu siku hizi wanamuuliza nini? Wanamuuliza, umekula? Umekula ngapi? Na hawaulizi ugali.

Hilo kila mtu alilijua. Walikuwa wanataka kujua juu ya kiapo, kile walichokula wapiganaji wa msituni, na aliyejibu vibaya alipakiwa kwenye lori la kambi ya kizuizini. Waweru aliinamisha macho kwenye kikombe chake. Lakini Barasa alikuwa ameshapanda, na mtu akipanda vile hashuki kwa kuambiwa. Akasema serikali imechukua mashamba, imechukua usiku kwa kafyu, imechukua barabara kwa pasi, sasa inataka kuchukua na neno la mpira? Hata jana, mlangoni pa holi, alipiga kelele mpaka wanawake wa sokoni wakasimama kumtazama, na atapiga tena. Mburu alisema kula. Yeye Barasa hana cha kunong'ona.

— Si tumuulize mwenyewe, Nzioka alisema. Si alikuwa aje leo?

Hapo wote wakanuna. Naam, Mburu alikuwa amepelekewa habari jana hiyo hiyo aje baada ya kanisa awaamue. Badala yake, asubuhi, mtu mmoja wa Murera aliyekuja kwa mguu alisema Mburu ameondoka na watu kabla ya jua kutoka. Watu gani? Hakujua. Aliondoka kwa hiari? Hakujua. Akanywa maji, akaenda zake.

Unadhani walimhurumia? Walimkasirikia. Siku moja tu anayotakiwa, ndiyo siku ya kuondoka na watu. Waweru alisema pengine ni mambo ya pasi, muhuri umeisha, watamweka jua kali kidogo kisha watamwachia, wanafanya hivyo. Barasa alisema hapana, kama ni pasi angeshikwa zamani. Mburu huyu ni mtu wa kukwepa. Hata kwenye ligi, mkigombana juu ya mpira uliogusa mwingine, anasema rudieni, rudieni, kama mwalimu wa shule ya watoto.

Nzioka akaona nafasi yake. Akasogea mpaka ukingoni mwa taruma, akateremsha sauti. Kwa maoni yake, na hapa anasema kama mtu wa korti, Mburu hakushikwa hata kidogo. Ruiru wamemhonga mbuzi. Ameambiwa ajifiche mpaka watu wa Thika wachoke kungoja na kukubali karatasi za kofia. Hivi tunavyosema, Mburu yuko kwa wakwe zake juu kule, amekunja miguu, anatafuna mbavu.

— Ruiru ipate wapi mbuzi? Waweru aliuliza, lakini alikuwa karibu kucheka.

Barasa hakucheka. Jambo hilo lilimwingia. Alimwona Mburu kabisa, na mafuta kidevuni, na alimchukia kama asivyowahi kumchukia mtu. Akasema basi akimpata, atamshika shati, amlete hapa mbele ya meza, alitamke hilo neno mpaka ulimi wake unyooke.

Ndipo mwanamke akatokea kwenye kona ya holi. Alikuwa amefunga leso kichwani, miguu imejaa vumbi jekundu mpaka magotini, na mkononi alikamata karatasi ya ruhusa kama watu walivyoikamata siku hizo, wazi, ili isije ikasemekana ameificha. Waweru alimtambua wa kwanza, akasimama.

— Mama Gathoni, wi mwega?

Alikuwa Ngina, mke wa Mburu. Alijibu salamu kwa sauti ndogo. Kanini alimmiminia kahawa bila kuulizwa na kumsogezea mtungi uliopinduliwa akae, lakini hakukaa. Alisema karatasi yake inaisha jua likishuka, na Murera ni mbali.

Barasa hakumngoja hata apumue. Tumsamehe, au tusimsamehe, lakini alikuwa na jambo moja tu kichwani.

— Mama, Mungu amekuleta. Wewe umeishi na huyu mtu. Akisema ile neno nyumbani, ya zikilingana, anataka kusema kutia mfukoni ama kuchagua kwa kofia?

Ngina alimtazama yeye, kisha akatazama wote, mmoja mmoja, kama anayetafuta ni yupi mwenye akili timamu.

— Baba Gathoni ameshikwa, alisema. Walikuja asubuhi na mapema, wakampiga mbele ya watoto. Nimewafuata mpaka ofisi. Wanasema aliita mkutano hapa Thika na kuambia watu kiapo. Mimi nikawaambia ni mchezo, ni ile meza. Wakanicheka.

Akajifuta jasho kwa ncha ya leso.

— Wanasema wana ushahidi. Ati jana Mkavirondo mmoja alipiga kelele hapa mlangoni, mchana, watu wote wakisikia, kwamba Mburu aliambia mkutano ile ya kiapo. Huyo mtu simjui. Mungu amwone.

Waweru alianza kusema kitu kwa Kikuyu, akakiacha katikati. Nzioka aliondoka ukingoni mwa taruma, akarudi taratibu mpaka mgongo wake ukagusa ukuta. Hakuna hata mmoja aliyemwangalia Barasa, na Barasa alijua hawamwangalii. Hasira ilikuwa bado iko kifuani, yote, moto ule ule. Ilikuwa imekosa tu mtu wa kumwangukia.

— Yule mzungu wa ofisi si mbaya sana, Ngina aliendelea. Amesema kama kweli ni mchezo, kesho asubuhi nilete mtu aliyekuwa kwenye mkutano, aseme kwa mdomo wake neno lililosemwa. Lakini asiwe Mkikuyu, maana sisi hatuaminiwi. Akisema vizuri, baba Gathoni anarudi nyumbani. Akisema ile ingine, kuna lori ya kambi inaondoka kesho kutwa.

Akageuka, akamtazama Barasa. Hakumtazama kwa ubaya. Alimtazama kwa sababu kwenye benchi lile ndiye aliyekuwa mkubwa wa mwili, na sura yake haikuwa ya Kikuyu.

— Wewe ulikuwa kwa mkutano?

— Nilikuwa, Barasa alisema.

— Basi niambie, baba. Mbele ya Mungu. Alisema kura, ama alisema kura?

Hakuna aliyecheka. Barasa alichungulia dirishani, akaiona meza: neno la kofia litaipeleka Ruiru, neno lake mwenyewe la tangu watu watoke kanisani litampeleka Mburu kambini. Kanini alishika birika, akaliweka tena chini. Ngina alisimama pale pale na karatasi yake mkononi, akingoja ajibiwe.