Jina Nililoliacha Majini

Sifa kwa Bwana, ndugu zangu! Nimesimama kwa fimbo, lakini nimesimama! Niacheni niseme.

Mnanijua kwa jina la Israeli, fundi wa viatu pale Nengo. Zamani nilikuwa askari. Tulipelekwa Abesinia kupigana na Waitalia, na huko risasi ikanivunja paja. Nikarudi kilema. Baadaye Bwana akaniokoa, nikabatizwa, nikapewa jina jipya. Na desturi yetu mnaijua: jina la kale tunaliacha majini. Mtu akikuita kwa jina hilo, huitiki. Yule amekufa!

Basi nikaomba malipo ya askari walioumia vitani. Ombi likarudi: dosiye yako, yaani faili lako la jeshi, haiko. Nikakata rufaa. Ikarudi nayo: leta kumbukumbu zako za jeshi. Nizitoe wapi, jamani? Karani mmoja wa biro, ile ofisi yao, akaniambia wazi kwamba wengi huvunjika miguu kwa ulevi. Niliumia, ndugu zangu! Na wakati wote huo mke wangu Mariya alibeba magunia ya viazi kwenda Goma, ngata kichwani, ili tule. Usiku shingo ilimuuma hata hakuweza kugeuka.

Nikamlilia Mungu: Baba, kama mimi hunipi, basi mpumzishe huyu!

Siku moja, sokoni Mahoko, nikasikia mtu anaita nyuma yangu, "Bazimaziki! Bazimaziki!" Lilikuwa jina langu la kale. Sikugeuka. Akanifuata, akanishika bega. Kumbe ni Kasereka, Mkongomani, mwenzangu wa jeshini!

"We Bazimaziki! Mi nilikubeba ku mugongo, damu yako ikajaa ku shati yangu, leo unaninyamazia?"

Nikamkumbatia, nikalia. Nikamweleza habari za rufaa.

"Bon, ku biro uliwaambia jina gani?"

"Israeli."

"Israeli nani? Mu kompani yetu hakukuwa Israeli!"

Yesu wangu! Nilikuwa nimewatuma wamtafute mtu ambaye hakwenda vitani. Hata hivyo niliogopa. Kulitamka jina lile, si ndiyo kurudi nyuma? Nikaenda kwa mchungaji. Akacheka, akafungua kitabu cha Mwanzo, akanionyesha: Yakobo alikwisha kuitwa Israeli, lakini Mungu alimwita tena Yakobo, naye akaitika. Akasema, "Nawe kaitike."

Tukaenda biro, Kasereka akanishuhudia. Wakaandika upya kwa jina la Bazimaziki. Jibu lilipokuja, dosiye imeonekana, na jeraha la paja limo! Rufaa imekubaliwa! Mariya alikaa chini palepale uani, akacheka huku machozi yanamtoka.

Ndugu zangu, nilidhani Mungu alianza kunijua siku ya ubatizo. Hapana! Yule Bazimaziki aliyelala mavumbini, hajui hata kuomba, Mungu alimjua, akamtumia mgongo wa Kasereka. Nawe ambaye jambo lako linarudishwa kila siku, mtumaini Yeye. Hajakupoteza.

Asante, Baba! Mtazameni Mariya pale mbele. Kichwani hana tena ngata, ana kitambaa tu.