Kanali Anakunywa Maji Tu

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao, miguu mitatu na tofali, kati ya meza yangu ya kutengenezea simu na kibanda cha kinyozi. Mtaa huu una mafundi simu wawili: mimi, na yule wanayemwendea nikiwa nimelala. Shule niliiacha mapema, si kwa ujinga, nilikuwa nimeshaielewa. Asubuhi hiyo nilikuja na mbwa. Si wangu, ni wa shangazi aliyenilea na ambaye mpaka leo naishi kwake. Anaitwa Kanali, mzee, rangi ya vumbi, mdomo umeota mvi. Shangazi alikuwa hospitali kwa ajili ya goti, anarudi kesho mchana, na siku anaondoka alinipa agizo moja tu: "Nyumba ichafue utakavyo, ila Kanali nimkute kama nilivyomwacha. Nisipomkuta hivyo, na wewe nisikukute." Sasa Kanali alikuwa na siku ya nne hajatia kitu mdomoni zaidi ya maji.

— Umempa nini? aliuliza Mama Birika, huku akinimiminia kahawa. Ndiye anayetuuzia, na ndiye mtu pekee hapo kijiweni anayefanya kazi.

— Uliza sijampa nini. Wali nimempa. Nyama nimempa. Samaki, mkate, maziwa. Jana nimempa soseji, mimi mwenyewe soseji naionaga kwenye picha. Ananusa, ananiangalia, analala.

— Anakuangalia vipi?

— Kama mteja niliyemwambia simu yake itakuwa tayari saa nne.

— Basi huyo ameshakata tamaa, alisema Mama Birika.

Daktari akakohoa. Tunamwita Daktari kwa sababu aliwahi kufagia zahanati miezi minane, na anadai mtu mwenye fagio husikia mengi kuliko mwenye koti jeupe.

— Hilo ni tumbo. Umempa vilaini vitupu, utumbo umesinzia. Mpe yai la kuchemsha, na ganda lake.

— Na ganda?

— Ganda ndiyo dawa yenyewe. Yai ni kifungashio tu.

Mama Birika huwa na mayai kwenye beseni. Nikachukua moja, Daktari akampelekea Kanali chini ya benchi alipojilaza. Kanali akamlamba Daktari vidole, kwa heshima zote, yai akaliacha. Daktari akalimenya, akalila yeye.

— Mbona ganda umetupa? nikamuuliza.

— Mimi siumwi.

Hapo Kinyozi akatoka kibandani na mashine mkononi. Ndani alikuwa amemwacha mteja kichwa nusu, tunamsikia anaita.

— Jamani mnahangaika na tumbo, tatizo liko puani. Tazameni zile nywele. Harufu ya chakula ikifika pale inakwama. Nikimpunguza hapa pembeni tu, atakula mpaka mnyororo.

— Kwako wewe kila kitu ni nywele, alisema Daktari. Mwezi uliopita ulituambia mchele umepanda bei kwa sababu watu hawanyoi.

— Kwani umeshuka?

Kinyozi akakubali ushindi kwa kichwa, akarudi kwa mteja wake.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa Mzee Mgomo. Huyu alistaafu kiwanda cha nguo, alikuwa kiongozi wa wafanyakazi, na hadi leo anaamini kila linalotokea duniani ni mgogoro wa kazi.

— Vijana, hamjui kusoma hali. Mbwa huyu ni mlinzi. Mwajiri wake ameondoka bila barua, bila kumkabidhi kwa mtu anayeeleweka.

— Amekabidhiwa kwangu, mzee wangu.

— Ndiyo nimesema. Sasa ameweka chini silaha, ameanza mgomo. Na mgomo hauvunjwi kwa soseji! Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

— Jembe ndilo atakula?

— Mpe kazi! Ale kwa jasho lake.

— Lakini mzee, aliingilia Mama Birika, si umesema amegoma kufanya kazi? Sasa dawa ya mgomo ni kuongezewa kazi?

Mzee Mgomo akainua kikombe, akanywa taratibu, akakiweka.

— Mgomo una hatua zake.

Tukaanza kutafuta ni hatua gani. Hatukuiona. Mimi ndiyo nilizidi kuvurugika: asubuhi nilikuja na mbwa asiyekula, sasa nina mbwa mwenye utumbo uliosinzia, pua iliyoziba na madai kwa mwajiri.

Mama Birika akaukamata mkono wangu, akaunusa.

— Mtoto, mikono yako inanuka risasi ya kuchomelea simu. Hata mimi nisingekula. Lete mkate.

Akanawa kwa maji ya birika, akainama, akamega mkate vipande vidogo kama anamlisha mwanawe. Kanali akanusa kipande cha kwanza. Akanusa cha pili. Halafu akaweka kidevu chake juu ya mguu wa Mama Birika, akafumba macho.

— Maskini, alisema Mama Birika, na akabaki ameinama vile vile, anaogopa kuutoa mguu.

— Ana nyumba ndogo! Kinyozi alipaza sauti kutoka ndani. Anakula kwingine huyo, kwenu anakuja kulala tu!

— Na zile mbavu? alijibu Daktari. Zinahesabika kutoka hapa.

— Basi huko kwingine nako kuna njaa!

Hapo nikaona niwaokoe. Mimi sipendi kujisifu, lakini kichwa ninacho.

— Sikilizeni. Mbwa ni kama simu. Simu ukiichomeka chaja isiyo yake, inaonyesha alama ya kuchaji, lakini moto hauingii. Tunafanyaje? Tunaizima, tunaiwasha upya. Vitufe viwili kwa pamoja, sekunde kumi.

— Kanali vitufe vyake viko wapi?

Nikapiga magoti, nikamshika masikio yote mawili, nikahesabu mpaka kumi kwa sauti. Mzee Mgomo akasimama kabisa ili aone. Nilipoachia, Kanali akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyeishi na wajinga muda mrefu, akakirudisha kidevu mguuni kwa Mama Birika.

— Amewaka? aliuliza Daktari.

— Bado anatafuta mtandao.

Mama Birika hakucheka.

— Wewe, huu mzaha utakufukuzisha nyumbani. Na huyu mnyama atakufa. Mpigie shangazi yako umuulize, yaishe.

Nikajifanya natafuta bisibisi.

— Wewe! Nasema nawe.

— Siwezi kumpigia.

— Kwa nini?

— Nimeshamwambia anakula.

Ikabidi nieleze. Shangazi hunipigia kila jioni, na swali lake la kwanza si mimi. Siku ya kwanza nikamwambia Kanali kala nyama, kamaliza, kalamba sahani. Akasema, "Nyama? Haya." Siku ya pili nikaona nipambe zaidi, nikasema samaki. Akarudia: "Samaki. Kanali." Nikasema ndiyo shangazi, na miiba katema vizuri. Jana nikamwambia ameanza kunenepa.

— Njia ya mwongo ni fupi, alisema Mama Birika.

— Ndiyo maana huwahi kufika, alisema Mzee Mgomo, akanipigapiga bega kunipa moyo.

Wakati huo dada mmoja alikuwa ameshafika na kukaa pembeni, mgeni kabisa pale, aproni bado kiunoni kama aliyetoka jikoni mbio. Simu yake ilikuwa ukipiga, yeye anakusikia, wewe humsikii. Kazi ndogo. Nikaifungua huku benchi linaendelea kuwaka kwa ubishi: Daktari sasa anataka Kanali apewe mkaa wa kusaga, Mzee Mgomo anataka ipigwe kura, Kinyozi ametoka tena na mkasi. Dada yule alikuwa anamtazama Kanali tu.

— Samahani kaka, akasema. Huyo shangazi huwa anampikia mbwa chungu chake?

— Hapana. Humpa kutoka kwenye sahani yake.

— Sahani yake mwenyewe?

— Ndiyo. Akishapakua anatoka uani na sahani, Kanali yuko nyuma yake. Hukaa huko wote wawili mpaka wamalize.

— Sasa yeye shangazi anakula nini?

Niliona swali lenyewe ni la kitoto, nikajibu kabla hata sijafikiri:

— Anakula… yaani…

Nikawaangalia wenzangu.

— Kwangu hata kahawa hajawahi kunywa, alisema Mama Birika. Hupita akasalimia tu.

— Atakuwa anakula chakula cha kawaida, alisema Daktari.

— Kipi?

— Cha… cha mtu wa umri wake.

Mzee Mgomo akatazama kikombe. Kinyozi akafunga mkasi. Wote wakanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayelala humo ndani.

Sahani yangu naijua. Hukaa mezani imefunikwa na sahani nyingine, kijiko kando, hata nirudi saa ngapi. Najua ikiwa na nyama, maana nisipoiona nauliza. Najua nimewahi kulalamika chumvi. Ila yake? Nilijaribu kuiona kichwani, ile anayotoka nayo uani. Sahani ya bati, hiyo naiona. Ndani yake sioni kitu. Shangazi nimemwona akipakua. Nimemwona akiosha vyombo. Hapo katikati sikuwahi kuwepo.

— Nyama yenu ikipikwa, dada aliuliza kwa upole, yeye huwa anachukua?

— Simu yako imepona, nikamwambia, nikampa.

— Basi tuijaribu. Akanisogezea. Mpigie.

Nikatafuta sababu. Sikuipata, na hilo si kawaida yangu. Mama Birika bado alikuwa na kichwa cha Kanali mguuni, ananikazia macho. Nikabonyeza namba, nikaweka sauti ya nje maana ndivyo simu zinavyojaribiwa. Ikaita mara mbili.

— Haloo, nani mwenzangu?

— Mimi, shangazi. Shikamoo.

— Marahaba. Hii namba ya nani?

— Ya mteja. Shangazi, goti linaendeleaje?

— Lipo. Sema ulichopigia.

— Nilikuwa nauliza… hivi wewe huwa unakula nini?

Nikasikia kitanda cha hospitali kikilia, kama mtu anayejiinua akae wima.

— Rudia.

— Nauliza tu, shangazi. Ukiwa kule uani. Huwa unakula nini?

Hakuna aliyekunywa kahawa. Hata yule mteja wa kichwa nusu alikuwa amesimama mlangoni kwa Kinyozi, kitambaa shingoni, anasikiliza.

— Miaka kumi na minne, alisema shangazi taratibu, kama anayejiambia mwenyewe. Leo ndiyo unaniuliza.

Kisha sauti ikabadilika kabisa.

— Wewe! Kanali yuko hai?

Tukainama wote kwa pamoja kuchungulia chini ya benchi.