Alamu ya Saa Kumi na Moja Alfajiri

Jumamosi saa tatu asubuhi gari la kijivu la Melkior liliteremka mpaka njiapanda bila muungurumo wowote, likasimama mbele ya banda la kahawa la Elinipendo, huku Old Moshi. Watu wa benchi walijisogeza kumpisha mwenyewe akae. Hakuna aliyecheka, maana ilikuwa siku ya nne mfululizo gari hilo linafika kijiweni limezima, na Melkior alikuwa na macho ya mtu asiyelala. Huyu alistaafu kuongoza watalii mlimani, ndiyo maana kijiweni wanamwita Kileleni. Baridi ya huko juu aliizoea, lakini alamu ya gari lake ilikuwa imemshinda. Kila siku saa kumi na moja alfajiri inalia, inaamsha watu na ng'ombe. Na saa hiyohiyo Basili, jirani yake waliyepata naye kipaimara siku moja, alikuwa na kawaida ya kukatiza uani kwake kwenda kukata majani.

Basi Melkior akaunganisha mambo mwenyewe: Basili anagusa gari, alamu inalia, betri inakwisha. Hakumuuliza mtu. Wiki tatu zilizopita alinunua waya wa miiba akaifunga njia ya kukatiza kihambani kwake, kwenye migomba ya nyumbani, kuanzia masale, ile mimea ya mpaka, ya upande huu mpaka masale ya upande ule. Njia hiyo babu zao waliachiana kwa maneno tu, na kabla yake hakuna aliyewahi kuifunga. Basili hakukanyaga tena kijiweni. Alamu nayo iliendelea kulia, na Melkior akasema sasa mtu yule anaruka waya kwa makusudi.

Elinipendo alimmiminia kahawa na kumsogezea kashata. Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Wenseslaus, anayeitwa Injinia tangu alipoitengeneza jenereta ya parokia kwa waya wa mwavuli.

— Mimi nasema ni panya, alisema. Panya anaingia kwenye boneti kutafuta joto. Anakanyaga nyaya, alamu inalia.

— Panya gani huyo mwenye saa, Injinia? aliuliza Melkior. Kila siku kumi na moja kamili?

Wenseslaus alikiri kwamba panya wa namna hiyo hajamwona. Lucky wa bodaboda, ambaye kwake kila tatizo la dunia linatokana na mtandao, akaona zamu yake imefika.

— Mzee Melkior, niamini mimi. Vifurushi vya usiku vinakata alfajiri. Watu wote wanajiunga upya kwa mpigo, mnara unazidiwa, mawimbi yanashuka mpaka kwenye gari lako.

— Na bodaboda yako mbona hailii?

— Yangu haina alamu, mzee. Ina mimi tu.

Elinipendo naye, akichochea mkaa, alisema ni mlima. Baridi ikishuka alfajiri, chuma kinajikunja, na chuma kikijikunja mlango unajiona umefunguliwa. Wenseslaus aliona yule mama anamzidi kwa uinjinia, akaamua kwenda mbali kuliko wote.

— Hebu sikilizeni, alisema. Gari hili limetoka Japani. Hapa ikiwa kumi na moja alfajiri, kule jua liko juu, ni karibu mchana. Bwana wake wa kwanza alikuwa analifungua saa hizo aende kula. Limezoea hivyo. Linamwita.

Lucky alitikisa kichwa kwa uzito kama amesomewa hukumu, akasema hilo linawezekana kabisa. Elinipendo alimwongezea Injinia kahawa bila kuombwa.

Melkior aliwatazama mmoja mmoja. Aliwajua watu hawa miaka mingi. Hawakuwa wajinga kiasi hicho. Wiki tatu nzima hakuna aliyelitaja jina la Basili mbele yake, hakuna aliyeutaja ule waya. Walikuwa wanamtafutia sababu, yoyote ile, hata ya Japani, ili aende nyumbani akautoe waya wake na asionekane amekosea. Walimwonea huruma, na ile huruma ilimchoma kuliko matusi. Akajikaza.

— Gari linaguswa, alisema. Na anayeligusa namjua.

Ndipo alipotokea Yuditha, binti wa dada yake Wenseslaus, fundi umeme wa magari huko chini mjini, upande wa Mawenzi. Mjomba wake alikuwa amempigia simu jana yake bila kumwambia mtu. Aliwaamkia wazee shikamoo, akavuta pumzi maana alikuwa amepanda kwa miguu, akaomba funguo kabla hata ya kukaa.

Alifungua boneti, akagusisha vidole vya kipimo chake cha umeme kwenye vichwa vya betri vilivyoota unga mweupe.

— Volti kumi na moja nukta nane, alisema. Betri nzima ikipumzika inasoma kumi na mbili na nusu na kitu. Mzee, jaribu kuwasha.

Gari lilikohoa, likakata.

— Imeshuka mpaka nane. Sukumeni kidogo liwake.

Walisukuma wote, hata Elinipendo, likawaka. Yuditha akapima tena, akasema chaji inaingia vizuri, kumi na nne, ila betri yenyewe haishiki tena. Melkior akamweleza kwa sauti ya kumaliza ubishi kwamba hiyo haishiki kwa sababu alamu inaimaliza kila alfajiri.

— Hapana, baba. Umegeuza. Siyo alamu inayomaliza betri, ni betri inayoliza alamu. Betri imechoka, alfajiri baridi inaimalizia, umeme unashuka. Alamu ikiona umeme umeshuka inadhani mtu amefungua mlango. Hapo hakuna mtu. Weka betri mpya, safisha hivi vichwa, utalala.

Yuditha alijifuta mikono, akapokea kikombe, akakaa pale palipokuwa na nafasi.

— Ila mjomba umenichosha, alisema. Uliniambia nikatize kihambani, nimekuta waya wa miiba. Nimezunguka barabarani na bibi mmoja mwenye mkongojo, anatoka misa ya asubuhi. Bibi Dominika. Anasema siku hizi ndivyo anavyopita. Kwani ule waya ni wa kuzuia nini?

Wenseslaus aliangalia kikombe chake. Lucky akaangalia barabara. Bibi Dominika ni mama yake Basili, na Melkior alipokuwa mdogo alikunywa maziwa kwake siku nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka. Aliona aibu, aibu ya wazi.

— Una koleo? aliuliza.

Yuditha alimpa. Melkior aliliacha gari likiunguruma pale njiapanda, akapanda kwa miguu.

Alipofika aliukuta waya umekaza, jinsi alivyouvuta mwenyewe siku ile kwa hasira. Aliuminya mara moja, haukukatika. Upande wa pili Basili alikuwa anafunga mzigo wa majani. Alipomwona, aliuweka mzigo chini, akaja akaushika waya kwa mikono miwili.

— Ukikata hivyo utakurukia usoni, alisema. Acha mimi nishike huku, wewe kata.

Melkior alikata. Wakaulegeza pamoja taratibu mpaka ukalala chini.

— Ilikuwa betri, alisema Melkior. Nimekukosea, Basili.

— Nilijua ni betri. Kila asubuhi nilikuwa nalisikia linavyohangaika kuwaka.

— Sasa mbona hukuja kuniambia?

Basili alianza kuukunja waya.

— Ningepitia wapi?