Kifuniko Kimoja kwa Siku

Kaeni chini wote wawili, na wewe mwanangu ufunge huo mlango, maana leo nasema mara moja tu, pumzi ya kurudia sina. Binti, acha kunipanga mito. Mito iko sawa. Nimewaita pamoja kwa sababu miaka minne nimekuwa nikiwaita mmoja mmoja, huyu asubuhi, yule jioni, kama mgonjwa mwenye madaktari wawili walionuniana, na matokeo yake mnayaona hapo ukutani, ndani ya lile tangi la kioo.

Tumalize mepesi kwanza. Nyumba ni ya kupanga, mwenyewe ataichukua. Cherehani ni ya mkeo, mwanangu, na asiombwe na mtu. Vyombo vya jikoni gawaneni bila kelele. Kitanda sikitaji, kwa kuwa mlishakigawa siku ile nilipoanguka bafuni, kila mmoja akaapa kwamba mama anahamia kwake, huyu akabeba ubao wa kichwani, yule akabeba miguu, mkatukanana ngazini majirani wakisikia, nami nikalala kwenye godoro sakafuni siku tisa na nyonga yangu imevimba. Tangu hapo hamsemezani. Watu hugombana kwa kuchukiana, nyinyi mmegombana kwa kunipenda, na pale sakafuni, wanangu, mimi sikuona tofauti.

Sasa tangi. Najua mnaliita mawe ya mama. Si mawe. Hayo ni matumbawe, yana uhai, yanakula, yanakasirika, na yanajenga mifupa yake polepole kuliko fundi yeyote mliyewahi kumsubiri. Nilifanya usafi kwa daktari wa meno miaka kumi na mmoja, na tangi lilikuwa kwenye chumba cha kusubiria. Siku aliyofunga kazi akaniambia, "Mama, lichukue. Mimi nililinunua tu, aliyelitazama ni wewe." Mwaka wa kwanza lilinichosha kuliko nilivyochoshwa na nyinyi mkiota meno. Matumbawe hayakuongezeka hata upana wa ukucha, nami nikawa nafanya kila nilichosikia: leo naongeza taa, kesho namwaga nusu ya maji, keshokutwa nanunua chupa nyingine. Nilipochoka, nikaacha kuhangaika, ndipo yakaanza kukua. Sisemi hivyo kuwachekesha. Yalikuwa yanataka niache kuyashtua. Chumvi ileile, joto lilelile, taa kuwaka na kuzimwa saa zilezile, maji yazunguke yasilale pembeni, na yakipungua kwa mvuke uyafidie kwa maji baridi yaliyochujwa, si ya chumvi, kwa sababu mvuke huondoka na maji, chumvi ikabaki. Halafu ile dawa ya chokaa ya kujengea mifupa, kifuniko kimoja kwa siku. Kimoja.

Nilipolazwa wiki tatu niliandika hivyohivyo kwenye karatasi, nikaibandika kwenye kioo kwa herufi kubwa. Mkasoma wote, shule niliwapeleka. Binti, wewe ukapita asubuhi ukitoka zamu, ukatia kifuniko kimoja. Mwanangu, wewe ukapita jioni na ufunguo wako, ukatia kifuniko kimoja. Siku ishirini na moja. Simu moja tu ingetosha, "Umetia?" "Nimetia," basi. Nilipowauliza, huyu akaniambia, "Mama, nilijua yule hawezi kukumbuka." Na huyu naye, "Mama, kwani yule anajali nini?" Kumbe mnafanana mpaka dharau!

Binti, usiangalie dirisha. Wewe ni muuguzi. Mgonjwa akipewa dawa mara mbili kwa sababu wauguzi wawili wamenuniana, mnamwandika vipi kwenye faili? Na wewe fundi wa majokofu, uliona maji yamekuwa meupe kama yaliyooshewa mchele, ukasikia pampu inakoroma kwa kushikwa na chokaa, ukasema yamekosa nguvu, ukajaza kifuniko mpaka kikafurika. Nipe maji kidogo. Basi, yatosha.

Nimerudi nimekuta lile kubwa la matawi, la miaka saba, limebaki mfupa mtupu. Mngelisahau lingepona. Lingedumaa tu, likanisubiri. Limekufa kwa kuhudumiwa na watu wawili wasioongea. Msidhani ugonjwa umenipoza, bado nimekasirika, na nitaondoka nimekasirika, hilo mlizoee.

Kimesalia kipande kimoja. Nilikikata kwa koleo pale palipokuwa bado na rangi, nikakigundisha kwenye jiwe, hakizidi kidole gumba. Kitazameni. Si karibu hivyo, unakizibia mwanga. Mnaona pale chini kinavyotambaa juu ya jiwe, kama nta iliyomwagika? Maana yake kimekubali kukaa. Ncha ya juu ikiwa nyeupe, msikimbilie chupa, hapo ndipo panapokua. Weupe ukianzia chini, kwenye shina, hapo kinakufa. Nimekichungulia kila asubuhi kabla sijanawa uso. Sasa sitakichungulia tena, na nyinyi wawili ndio nilionao.

Basi nasema hivi. Tangi linakwenda kwa binti, kwa kuwa sebule yake haipigwi na jua. Chupa ya dawa itakaa huko. Kisanduku cha vipimo, pamoja na mirija na matone yake, kitakaa kwako mwanangu, na hakitalala kwa dada yako hata siku moja. Anayepima asitie, anayetia asipime. Kila Jumapili utakwenda kwake, utateka maji kwenye mrija, utahesabu matone mpaka bluu igeuke njano, kisha utamwambia kwa mdomo wako, si kupitia kwa mkeo, si kwa kikaratasi: ongeza, punguza, au acha. Akikukaribisha chakula, ule. Na mkibadili kitu, badilini kimoja, msubiri wiki mbili mkitazama mikono mfukoni.

Siwaombi mpendane. Hilo nimeliomba mpaka ulimi ukaota sugu. Nawaomba mwongee kuhusu maji.

Niinue kidogo... hapo. Mazishi yawe mafupi. Nguo zangu mzitoe zikiwa safi, zimepigwa pasi. Asikae mtu kunisifu ambaye hakuja kuniona.

Radhi yangu nawapa... nyote, sawasawa, hakuna aliyepata zaidi, msije mkapimana. Mungu awatunze. Awape watoto wasikivu kuliko... haya, awape tu. Mikono yenu ni mizuri. Ni ya kazi. Nimewalea nimechoka, lakini nimewalea.

Sasa... kabla sijalala. Binti, wewe umefika mapema, nimesikia ufunguo. Na wewe umeingia nikiwa nimefumba macho, ukasimama pale kwenye tangi. Leo dawa... imetiwa na nani?

Msinitazame mimi.

Ulizaneni.