Marlys na Kengele Zilizoshuka

Baada ya miaka thelathini na minane ya kuokoa kanda za watu hapa Duluth, Bi Marlys Engebretson anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Juni. Alianza mwaka 1987 akifuta vumbi kwenye mashine. Anaondoka akiwa mkuu wa kuhamishia kanda kwenye kompyuta. Sote tumepita mikononi mwake, na tumekoma.

Kanda za zamani hunata, hivyo yeye huzipasha moto kwanza kwenye kikaushio cha matufaha. Siku moja alisahau akakausha kanda na matufaha pamoja. Pai ya matufaha yale tuliila hivyo hivyo.

Somo lake ni moja. Kompyuta haisikii sauti, huipima kidogo kidogo, na kila mtetemo sharti upimwe zaidi ya mara mbili. Sauti iliyo juu mno, yenye mitetemo ya kasi kuliko upimaji, haipotei. Hurudi chini ikiwa sauti ya uongo, kama gurudumu la gari kwenye televisheni linaloonekana kurudi nyuma. Ndiyo maana kuna chujio la kuiondoa kabla haijapimwa. Ikishaingia, haitoki.

Mwaka 1996 Bi Verna Kolstad alituletea kanda pekee ya marehemu mumewe, Orville, akipiga kengele ndogo za kanisani. Ilikuwa inabanduka, ingecheza mara moja tu. Diski zetu zilikuwa ndogo, tukapima kwa kasi ya chini, na mtu mmoja akazima chujio eti linaua mng'ao wa sauti. Kila sauti za kengele zilipopanda, nyuma yake zikasikika nyingine zikishuka. Sisi tukaona zinapendeza, wallahi.

Marlys alikuwa chumba cha pili na kahawa yake. Akaja mbio.

"Simamisheni hiyo. Orville hakupiga kengele za kushuka, nyie."

Sekunde arobaini zilikuwa zimeshaharibika. Akawasha chujio, akamalizia kanda, kisha akampigia simu mwenye kanda.

"Bi Verna, mwanzo tumeuharibu, na hautengenezeki. Kosa ni letu."

Bi Verna akaja, akasikiliza mpaka mwisho, pale Orville anapokohoa na kusema, "Verna, zima sasa, chakula kinapoa." Akacheka huku analia, akaomba arudishiwe hapo mara tatu.

Bosi wa wakati ule alitaka jina ili amfukuze mtu. Marlys akamjibu kuwa zamu ilikuwa yake, basi na lawama ni zake. Akakatwa likizo ya mwaka mzima.

Asante, dada. Kapumzike kando ya ziwa, afya isikupungukie, na siku zako ziwe njema. Chujio lile nililizima mimi.

Gordon Salmela, chumba cha kanda