Ambrose na Chemchemi ya Kanali

“Huthubutu!” Gideon alimwambia jirani yake Ambrose, huku pantoni ikiwavusha kwenda kupiga kura. Mjane Keziah, aliyekalia tenga lake la kuku, alisogea karibu; maneno matamu kama haya hayaachwi yakachukuliwa na maji.

“Nitathubutu! Kanali Pendarvis ana mashamba ng'ambo zote mbili na kiti katika bunge la koloni kule Williamsburg, bado akahamisha alama ya mpaka. Chemchemi ya babu yangu ikaamkia kwake! Ng'ombe wangu wanalamba matope.”

“Lakini kura ni ya mdomo, bwana wee. Kanali mwenyewe atakuwa mezani kura zinapoandikwa, anakukodolea macho. Ukimtaja, anainama kukushukuru. Usipomtaja je?”

“Nitamtaja mpinzani wake, tena kwa sauti.”

“Sauti ile uliyoimbia zaburi mtaroni uchaguzi uliopita, baada ya ramu ya Kanali?”

“Ramu nilikunywa, kura sikumpa!”

“Jina lako ulikuwa hulijui, utajua ulimpa nani?”

Keziah alicheka mpaka kuku wakashtuka. Mwanamke hakuwa na kura, lakini masikio hakuna aliyemnyima.

“Cheka tu, mama,” Ambrose alisema. “Leo bila chemchemi yangu hapati kitu. Mungu ananisikia.”

Pantoni ikagota ukingoni. Harufu ya ng'ombe mzima anayebanikwa ndiyo iliyowapokea kwanza. Nyuma yake akaja Kanali mwenyewe, wigi limepakwa poda, akamkumbatia Ambrose mabegani.

“Jirani yangu! Kura haikimbii. Ingia kwanza ule, na ramu ipo.”